Kabla hujafunga gasketi ya hedi kwenye injini ya zamani

Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bloku (mwili wa injini), haiungui bure. Kabla ya kununua mpya, tafuta kilichoiua ya kwanza: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, thamostati iliyoganda, taimingi (wakati wa cheche) iliyokosewa, hedi iliyopinda, au nati zilizolegea zenyewe kwa miaka. Usipokipata, utafungua tena.

Dalili nazo zisomwe vizuri. Mapovu yanayopanda kwenye rejeta injini ikiunguruma, kompresheni (mgandamizo) iliyoshuka kwenye silinda mbili zilizo jirani, moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto: hapo gasketi ina kesi ya kujibu. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili, ukiwa peke yake, si ushahidi. Gari la safari fupi fupi hupata utando huo kwa unyevu tu.

Fungua hedi injini ikiwa baridi kabisa. Legeza kinyume cha mpangilio wa kukazia, yaani kutoka pembeni kuja katikati, robo mzunguko kwa kila nati kwenye raundi ya kwanza. Hedi ya alumini hung'ang'ania stadi (bolti ndefu zilizosimama kwenye bloku) kwa kutu, na wengi hukimbilia bisibisi na nyundo. Usithubutu. Mkwaruzo utakaouacha kwenye uso wa hedi ndio njia ya maji ya kesho. Kama valvu ziko kwenye hedi na roka (mikono inayozisukuma valvu) umeshatoa, shusha pistoni, shindilia kamba laini kupitia tundu la plagi huku ncha ikibaki nje, kisha zungusha krenki (mhimili unaozisogeza pistoni) kwa mkono. Pistoni itaibana kamba, kamba itaisukuma hedi.

Injini zenye slivi (mirija ya silinda inayochomoka) zinazozungukwa na maji, kama za Triumph TR2 hadi TR4 au Citroën Traction Avant, zina sharti lake: hedi ikishatoka, usiguse krenki mpaka uzibane slivi kwa vipande vya bomba na washa (pete bapa za chuma) pana juu ya stadi. Slivi ikinyanyuka kidogo tu, sili yake ya chini huachia na maji huingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Pima pia zimechomoza kiasi gani juu ya bloku. Kwa hizo Triumph ni kati ya inchi 0.003 na 0.005, zikizama chini ya hapo, hakuna gasketi itakayoziba.

Gasketi za zamani za shaba zilizojazwa katikati mara nyingi zina asbestosi, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Lowesha kwa maji, kwangua ikiwa bado mbichi, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini na si ya kitambaa, funga mabaki kwenye mfuko. Brashi ya waya ya mashine hapana, kupuliza kwa kompresa hapana. Na yule anayekuuzia gasketi "halisi ya kiwandani" iliyokaa kwenye boksi miaka 50 anakuuzia asbestosi hiyo hiyo, tena iliyokauka na kukunjika pembe.

Sasa kuchagua. Gasketi ya tabaka la nyuzi lenye pete ya chuma kuzunguka kila silinda ndiyo salama kwa injini nyingi za kale, kwa sababu inavumilia uso usio laini kama kioo. Gasketi ya tabaka kadhaa za chuma tupu haivumilii. Bila bloku na hedi kusawazishwa upya kwa mashine, achana nayo. Shaba tupu ni imara na inaweza kutumika tena, ila lazima uipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia kisha uiache ipoe, ili irudi kuwa laini. Ukiichovya majini haiharibiki, maana shaba haiwi ngumu kwa kuzimwa kama chuma.

Pima silinda mwenyewe, usiamini kitabu. Injini ya umri huo inaweza kuwa imeborowa (silinda kupanuliwa) mara mbili au tatu, inchi 0.020, 0.040 hata 0.060 zaidi ya kipimo cha awali. Ilaze gasketi kavu juu ya bloku uangalie kila tundu, kisha uilaze kwenye hedi pia, kwani umbo la chumba cha mwako si lazima lifuate duara la silinda. Ukingo ukichungulia ndani, unapata moto mpaka unakuwa mwekundu, petroli inawaka kabla ya cheche ya plagi, injini inagonga, na mwisho ukingo wenyewe unaliwa. Hesabu na stadi pia. Ford V8 ya valvu za pembeni (zilizo kwenye bloku, si kwenye hedi) ina hedi za stadi 21 na za stadi 24, na gasketi zake haziazimani.

Ukiona matundu ya maji kwenye gasketi ni madogo kuliko yale ya bloku, usichukue tindo. Mara nyingi yamebanwa makusudi ili maji yalazimike kufika silinda za nyuma kabla ya kupanda kwenye hedi. Tundu la oili ya kwenda kwenye roka ndilo la kulikagua mara mbili, kwa sababu gasketi iliyogeuzwa huliziba, na injini itaunguruma vizuri tu huku shafti ya roka ikijisaga kavu. Neno TOP likiandikwa, linatazama juu, likutazame wewe.

Hedi iwekwe rula ya chuma kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na bloku vivyo hivyo. Fila geji (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya milimita 0.05 ikipita, anza kuwa na wasiwasi; ya 0.10 ikipita, peleka ikaskimiwe, yaani ikasawazishwe kwa mashine. Kuskimu kunapandisha kompresheni, kwa hiyo uliza kama ipo gasketi nene kidogo. Hedi yenye historia ya kuchemsha ipimwe ufa kwanza, kabla hujalipia chochote kingine.

Halafu kuna mashimo ya stadi, na hapa ndipo watu wanapolia. Kisa huwa kile kile: gasketi mpya, hedi imetoka kuskimiwa, toki spana (spana inayolia ikifikia nguvu uliyopanga) imelia kila nati, na baada ya muda mfupi inavuja kati ya silinda ya pili na ya tatu. Inafungwa ya pili, inavuja pale pale. Ya tatu hivyo hivyo. Hedi inapelekwa kuskimiwa tena bure. Hakuna aliyepitisha kidole kwenye bloku. Chuma kilichovutwa na stadi kwa miongo kadhaa huinuka kuzunguka shimo, kama mdomo wa chungu, robo ya milimita au chini ya hapo. Macho hayaoni, ila ukucha unakwama. Hedi inakaa juu ya vilima hivyo vidogo, na katikati ya stadi na stadi gasketi haibanwi inavyopaswa. Dawa yake ni kutoa stadi zote, kupunguza mdomo wa kila shimo kwa biti pana mpaka uzi (mikato ya skrubu) uanzie chini kidogo ya uso, kisha kupitisha tepu, kifaa cha kukatia uzi, kuusafisha.

Shimo lisilotokea upande wa pili lina hila nyingine. Likibaki na maji au oili ndani, bolti inakandamiza kimiminika kisicho na pa kwenda. Toki spana inalia, wewe unaridhika, kumbe hedi haijabanwa. Au bloku inapasuka, na bloku ya chuma cha kusubu haiunganishwi kirahisi. Kausha kila shimo kwa kitambaa, kisha upulize. Yale yanayotokea kwenye njia ya maji, kama yalivyo mengi kwenye hiyo Ford V8, yapakwe dawa ya kuziba uzi, la sivyo maji yatapanda na stadi mpaka juu.

Silikoni usipake. Ziada yake huchuruzika ndani na kuziba njia za oili. Gasketi yenye mipako yake hufungwa kavu. Shaba hukubali utando mwembamba wa grisi au dawa ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Kitabu kikisema newton-mita 60, pita na 20, halafu 40, halafu 60. Angalia pia kimesema uzi mkavu au wenye oili, kwa maana uzi wenye oili hubana zaidi kwa namba ile ile. Washa ziwe ngumu na bapa, si zile zilizokwisha kuingia shimo katikati.

Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, rudia. Legeza nati moja robo mzunguko, ikaze, ndipo uende inayofuata, usilegeze zote. Rudia tena baada ya kilomita 500 hadi 800, isipokuwa mtengenezaji wa gasketi amesema haihitaji. Kila ukikaza kwenye injini ya pushirodi (fimbo zinazosukuma roka), pima tepeti (nafasi kati ya roka na valvu) upya: gasketi imekaa, hedi imeshuka, nafasi imepungua, na valvu isiyofunga vizuri huungua.

Wiki za mwanzo fungua kifuniko cha rejeta kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Maji yakipungua na huoni yanapodondokea, usiongeze tu na kuondoka. Na gasketi uliyoing'oa, ikiwa kwenye mfuko wake, ihifadhi kwanza. Sehemu iliyoungua itakuonyesha pa kuanzia.