Kuvuka Golden Gate kwa gari na kurudi na picha za maana

Jamani kila nikipata mgeni kutoka Dar ombi la kwanza ni lile daraja la San Francisco, na karibu wote wanataka kupiga picha huku gari linatembea. Hapana. Kuvuka fanya kivyake, kupiga picha kivyake. California dereva haruhusiwi kushika simu mkononi, juu ya daraja huwezi kusimama, leni ni nyembamba, mwisho ni maili 45 kwa saa, na sisi tuliozoea kuendesha kushoto, kule Marekani tunapita kulia, kwa hiyo akili yote iwe barabarani.

Mimi huwa naanzia upande wa mjini asubuhi, Fort Point, ile ngome ya zamani chini kabisa ya daraja. Jua linatoka mashariki linapiga ubavu wa daraja unaoutazama, rangi inawaka vizuri sana. Na ile rangi ina kisa chake, chuma kilifika kimepakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, msanifu Irving Morrow akaipenda akapigania rangi ya namna hiyo ibaki, wakati jeshi la majini lilitaka mistari ya nyeusi na njano! Fikiria tu.

Halafu mnavuka kwenda kaskazini. Kaa leni ya kulia kabisa, sababu ukimaliza daraja tu kuna kuchepuka kulia kuingia Vista Point, ile sehemu ya kusimama kutazama daraja, ukiwa leni za kati utapitiliza. Na usikae ile leni ya ndani karibu na kizuizi, tangu 2015 kuna kizuizi cha zege kinachohamishwa na gari maalum kulingana na foleni, ukiwa mgeni kinakutia wasiwasi. Abiria ndo apige video. Asafishe kioo kwanza, simu aisogeze karibu kabisa na kioo ili isichukue mwanga wa ndani, na aguse mnara kwenye skrini, la sivyo simu inalenga vumbi la kioo.

Aelekeze juu pia. Hili sio kama la Kigamboni ambalo nyaya zinatoka nguzoni moja kwa moja kushika barabara. Hapa kuna nyaya kuu mbili nene, unene karibu sentimita 92, zimepita juu ya minara yenye mita 227 kutoka majini, halafu nyaya nyembamba zinashuka wima kubeba barabara. Ile mistari wima ikipita mmoja mmoja kwenye video ndo uzuri wenyewe.

Sasa ukungu. Watu wanakuja Julai wakidhani kiangazi ni jua tupu, kumbe ndo msimu wake, bara kunapata joto hewa baridi ya bahari inavutwa kupitia ule mlango wa bahari ulio chini ya daraja. Septemba na Oktoba mara nyingi kunakuwa kweupe zaidi. Shemeji yangu alikuja Julai, tumefika chini tunaona miguu ya minara tu, kanuna kweli, nikamwambia twende juu tukapanda mpaka kilima cha Hawk Hill na huko tukakuta mawingu yapo chini yetu na vichwa viwili vya minara vimetokeza, akalia machozi aisee. Kwa hiyo ukikuta ukungu usigeuze gari, panda mlima kwanza. Ila jaketi ubebe, upepo wa kule haujali kama ni Julai.

Kufika huko, chukua exit ya Alexander Avenue inayofuata baada ya Vista Point, kata kushoto upite chini ya barabara kuu, kisha kulia kupanda Conzelman Road. Kituo cha kwanza ni Battery Spencer, hapo unatazama daraja lote na mji nyuma yake. Nenda jioni, jua linakuwa upande wa bahari linaliangaza daraja. Gusa mnara, shusha mwanga kidogo kwa kidole, usizume kwa kuvuta picha, na futa lenzi kila dakika chache maana unyevu wa bahari haukauki. Giza likiingia weka simu juu ya ukuta, washa taima ya sekunde 3, mikono isiguse. Droni sahau, eneo lote ni hifadhi ya taifa, ni marufuku. Na kwenye gari usiache hata begi tupu, vioo vinavunjwa sana maeneo haya.

Kuvuka daraja kwenda kaskazini ni bure, unalipa ukirudi mjini. Keshi hawapokei tangu 2013, kamera inasoma namba ya gari na bili inamfuata mwenye gari, kwa hiyo kama ni la kukodi waulize kabla hujaondoka wanakata vipi, baadhi wanaongeza ada yao juu.

Mkitoka juu msirudi moja kwa moja. Teremkeni Sausalito mle kitu, halafu mrudi na barabara kuu ya 101 mkitokea kaskazini ili mpite handaki la Robin Williams lenye upinde wa mvua uliochorwa. Abiria aanze kurekodi bado mko ndani, maana mkitokeza tu mnara huo mbele yenu umewashwa taa.