Barua kwa mkubwa: ninavyoiandika tangu 1964

Kenya ilipopata uhuru, 12 Desemba 1963, nilikuwa na miaka 14. Kule Majengo, Mombasa, kina mama wasiojua kuandika wakaanza kuniita niwaandikie barua. Mashtaka yao walizoea kuyapeleka kwa mudiri au liwali, maofisa wa utawala wa zamani wa Pwani, wakayaeleza kwa mdomo. Sasa serikali ni yetu, wakasema, tuiandikie. Sijaacha mpaka leo, na vijana wakiniuliza huwaeleza hivi.

Mjue kwanza mwenye jambo lako. Mwaka ule wa mwanzo ulitusumbua. Pwani ilikuwa na bunge lake la jimbo na rais wake wa jimbo, Ronald Ngala. Nairobi alikuwako Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta. Mara majimbo yakaondolewa, na 12 Desemba 1964 Waziri Mkuu akawa Rais. Unaandika leo kwa cheo ambacho barua ikifika hakipo tena! Siku hizi kuna kaunti. Taka, soko na zahanati andikia kaunti. Polisi, kitambulisho na hatimiliki ni mambo ya serikali ya taifa. Ukikosea hapo, barua itazunguka mezani kwa watu wasioweza kukusaidia hata wakitaka.

La pili ndilo kubwa: omba jambo moja, tena liwe ndani ya uwezo wa unayemwandikia. Alikuweko bi mkubwa mmoja, muuza mahamri. Nyumba ilikuwa yake, ya udongo na makuti, lakini ardhi si yake. Kila mwezi akilipa kodi ya kiwanja, kama wengi mtaani kwetu. Siku moja akaambiwa avunje aondoke. Akakaa kwenye mkeka akanieleza yote: kiwanja, karo ya mjukuu, maji ya bomba, mkwewe aliyekosa kazi bandarini. Nikajaza kurasa nne, na mwisho tukaandika kwamba uhuru umekuja, ardhi apewe yeye. Hatukujibiwa.

Baadaye nilielewa. Mkataba wa Oktoba 1963, ule ulioutoa Mwambao, yaani ukanda wetu wa pwani, mikononi mwa Sultani wa Zanzibar ukaungana na Kenya, uliahidi kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa. Yule tuliyemwandikia hangeweza kuifuta hati kwa barua yetu. Tukaandika tena, ukurasa mmoja: “Nimekaa hapa miaka 22. Kodi sijawahi kukosa, risiti ninazo. Naomba miezi sita nitafute pahali pa kuhamisha milango na boriti zangu.” Akaitwa ofisini, akapata ile miezi sita. Haki yote haikuwa hiyo, na mpaka leo naumia nikikumbuka, lakini milango yake aliiokoa.

Tazameni maneno yale, milango na boriti. Ni yake mwenyewe, mimi nisingeyawaza. Ukimwandikia mtu, usimtoe maneno yake kinywani ukamtia ya gazeti. Na sifa zisizidi mstari mmoja: “Kwako Mheshimiwa, salamu kwa heshima,” kisha ingia kwenye jambo. Kuna barua nimeziona zinamsifu mkubwa nusu ukurasa, ombi limebanwa chini karibu na sahihi.

Weka nakala. Zamani tulitia karatasi ya kaboni chini, tukikandamiza kalamu mpaka kidole kinauma. Barua yangu moja niliipeleka bila nakala, ofisini wakasema hawajaiona, na sikuwa na cha kuonyesha. Sasa peleka mbili: moja ibaki kwao, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo.

Jambo likiwa la watu wengi, liandikieni Bunge. Katiba ya 2010, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki hiyo, na sheria ya 2012 inakubali ombi la Kiswahili, hata la kuandikwa kwa mkono. Lakini lisiwe na mfuto wala nyongeza juu ya mistari. Semeni mmekwisha kupeleka wapi jambo hilo, na kama liko mahakamani au haliko. Kila mmoja atie jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi. Asiyeandika, dole gumba latosha.

Zikipita wiki tatu kimya, rudi na ile nakala yenye muhuri. Barua ya pili ianze hivi: “Narejea barua yangu ya tarehe...”, kisha ombi ni lile lile, bila kuongeza kitu.