Kabla ya sindano ya kontrasti: namna ya kumhoji mgonjwa wa CT

"Una aleji ya kamba au samaki?" Swali hili bado linaulizwa kwenye vyumba vingi vya CT (mashine ya eksirei inayopiga picha za tabaka za mwili) kabla ya kuchoma kontrasti, yaani dawa yenye iodini inayofanya picha ionekane vizuri, nalo linapoteza muda. Kinachomdhuru mwenye aleji ya kamba ni protini iitwayo tropomiosini, wala si iodini. Hatari yake kwa kontrasti haipiti ya mtu mwenye aleji ya karanga. Aliyewahi kuwashwa na iodini ya kupaka kidondani naye asinyimwe kipimo.

Anzeni na hili: "Mama, umewahi kuchomwa dawa ya kipimo kama hiki? Ilikuwaje?" Aliyewahi kupata mzio (aleji) wa kontrasti ya iodini ana hatari ya takriban mara tano ya kuupata tena, na hakuna kigezo kingine kinachoifikia hiyo. Akijibu "ilinisumbua", mchimbeni zaidi. Joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni, kuhisi kama amejikojolea, hayo humpata karibu kila mtu na hupita upesi. Vipele vya kuwasha, midomo kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, au presha kushuka huku mapigo yakienda mbio, huo ndio mzio.

Akiwa na historia hiyo, tafuteni jina la dawa kwenye majibu yake ya zamani. Kumpa dawa nyingine ya iodini isiyo ile mara nyingi humkinga zaidi kuliko vidonge vya kuzuia mzio peke yake. Daktari akiagiza vidonge pia, ratiba iliyozoeleka ni prednisoloni miligramu 50 saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya sindano, pamoja na difenihidramini miligramu 50 saa moja kabla. Kipimo kikiwa saa nne asubuhi, anameza saa tatu usiku, saa tisa usiku na saa tatu asubuhi. Mwandikieni saa hizo kwenye karatasi. Hii dozi ya saa tisa usiku ndiyo wagonjwa wengi huikosa kwa kupitiwa na usingizi.

Pumu na aleji kali za vitu vingine huongeza hatari mara mbili hadi tatu. Mwenye pumu msikilizeni kifua siku hiyo hiyo. Kikipiga filimbi, kipimo kisicho cha dharura kiahirishwe. Anayetumia dawa za presha kama propranololi au atenololi aandikwe wazi kwenye fomu, kwa kuwa akipata mzio, adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, inaweza kumfanyia kazi kwa shida. Ulizeni pia kuhusu tezi ya shingo, hasa kama anasubiri matibabu ya iodini ya mionzi, maana kontrasti huyaharibia.

Figo ni suala tofauti na mzio. Angalieni eGFR (kipimo cha damu cha uwezo wa figo kuchuja); ikiwa chini ya 30, daktari aamue kwanza, na maji ya chumvi ya mshipani yaandaliwe. Metformini, dawa ya kisukari, husimamishwa kwa mgonjwa wa aina hii, au mwenye figo zilizoumia ghafla, kuanzia wakati wa kipimo hadi saa 48 baadaye, na hairudishwi figo zisipopimwa tena. Mwenye eGFR ya 30 au zaidi, na figo zilizotulia, aendelee na vidonge vyake. Kumsimamishia bure kunampandisha sukari.

Kwa mashine ya kusukuma dawa, wekeni kanula (mrija mwembamba unaobaki mshipani) ya waridi (20G) au ya kijani (18G) kwenye mshipa wa kiwiko, na sukumeni kwanza maji ya chumvi mkiwa mmeweka kidole juu ya mshipa. Ngozi ikituna au mgonjwa akilalamika inachoma, dawa itamwagika nje ya mshipa. Hamisheni.

Sindano ikishaisha, kanula ibaki. Mzio mkali mwingi hujitokeza ndani ya dakika 20, kwa hiyo mgonjwa akae mnapomwona kwa dakika 30. Kifua kikibana au presha ikiporomoka, mtu mzima achomwe adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, mililita 0.3 hadi 0.5, kwenye msuli wa paja upande wa nje, na irudiwe baada ya dakika 5 hadi 15 asipopata nafuu. Sirinji yake iwe mezani kabla mgonjwa hajalala kitandani.

Anapoondoka, mwambieni vipele vinaweza kumtokea hata baada ya siku mbili tatu, na akiviona arudi.