Mzee Anapoteswa Nyumbani: Pa Kuanzia

Usimuulize, "Bibi, wanakutesa?" Atakataa. Miaka 11 nimezunguka nyumba za kijiji chetu wilayani Kasulu, Tanzania, nikiwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na sijapata mzee aliyelijibu swali hilo kwa ndiyo. Anayemtesa ndiye anayempakulia ugali. Akimsema, kesho atakula kwa nani?

Uliza vitu vidogo. Jana usiku ulikula nini? Nani alikuogesha? Simu yako iko wapi, na namba ya siri anaijua nani? Hela ya mwisho ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, uliishika mkononi? Uliza mkiwa wawili tu. Mimi humwomba mkamwana maji ya kunywa. Yakija, naomba na kigoda. Dakika mbili tatu zinatosha. Yupo atakayeng'ang'ania kujibu kwa niaba ya mzee. Hilo nalo liandike.

Huku unaongea, macho yafanye kazi: kucha, harufu ya mkojo kwenye mkeka, alama za vidole juu ya mkono, kufuli lililofungwa kwa nje na mzee yumo ndani. Lakini ngozi ya uzeeni huvia damu upesi, na mkamwana anayemgeuza peke yake mgonjwa wa kiharusi usiku kucha, iko siku atafoka. Huyo ni wa kusaidiwa. Waite watoto wengine wa mzee wapangiane zamu, hata wale walioko Dar wanaotuma salamu tu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilimsuta kijana mmoja mbele ya majirani. Alikuwa ameuza shamba la mama yake kwa dole gumba la mama huyo asiyejua kusoma. Wiki haikuisha, bibi akahamishiwa kwa ndugu ng'ambo ya mto Malagarasi. Nilimpata baada ya miezi minne, amebaki mifupa. Tangu hapo simgusi mtesaji kabla sijajua mzee atalala wapi usiku ule.

Kisha muulize mwenyewe anataka nini. Ni mtu mzima, akili yake anayo. Wengi huniambia, "Usimfunge mwanangu, nataka laini yangu tu." Basi anzeni na laini, na namba ya siri ibadilishwe mbele ya macho yake. Ila usimwahidi kutunza siri. Kama anapigwa, amebakwa au anafungiwa ndani, mwambie wazi kwamba utalifikisha mbele.

Mbele ni kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jina la dawati lisikuzuie, nenda na mzee wako. Mwenye jeraha achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, lakini anayevuja damu awahi hospitali, fomu ifuatwe na mtu mwingine. Andika tarehe na maneno ya mzee kama alivyoyatamka, hata kama ni Kiha kitupu.

La kamchape, wale wasaka wachawi, halisubiri. Ukisikia minong'ono kwamba wanaitwa kijijini kufichua wachawi, wahesabu haraka wajane wanaoishi peke yao, hasa wenye macho mekundu. Macho yale mara nyingi ni moshi wa kuni wa miaka 50 jikoni, si uchawi. Toa taarifa polisi mapema, na bibi aanze kulala kwa mtu anayeaminika kabla hawajafika. Sheria ya Uchawi humhesabu mkosaji hata yule anayemwita mwenzake mchawi. Mtendaji akikwambia "hizo ni mila", mkumbushe hilo kwa heshima.

Ukishatoa taarifa, rudi. Mimi hurudi siku ya soko, wakati hawanitarajii, nimeshika kichupa cha mawese kama kisingizio. Yule bibi wa Malagarasi siku hizi anaishi kwa mdogo wake. Nikifika, kwanza hunionesha simu yake, ndipo aitikie shikamoo yangu.