Mafuta ya breki kwa gari la saketi katika hewa ya Tanga
Mwenye gari dogo lenye injini ya nguvu, kama vile Volkswagen Golf GTI, anayeishi Tanga na kulipeleka saketi, yaani uwanja wa mbio za magari, katika siku za madereva wa ridhaa, anashauriwa kushughulikia mafuta ya breki kabla hajafikiria tairi au ekzosi. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani, nasi watu wa pwani tunao wa kutosha. Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155, joto ambalo breki za gari linaloendeshwa kwa kasi huweza kulifikia baada ya mizunguko michache. Hapo mvuke hujitokeza ndani ya mfumo na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Kwa hiyo, badilisha mafuta yote na utoe hewa iliyomo ndani ya mfumo wa breki kwenye magurudumu yote manne kabla ya siku yenyewe, hata kama rangi yake bado inapendeza. Fungua chupa mpya. Ile iliyobaki nusu kwenye rafu ya gereji, ambayo fundi hukuhakikishia kuwa ni nzima, iache hapo hapo. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na DOT 4. Ukimaliza mizunguko ya kasi, endesha mmoja wa taratibu ili breki zipoe, kisha uegeshe ukiwa umeweka gia na kizuizi gurudumuni, bila kuvuta breki ya mkono.