Fuata Mvua, Usifuate Kalenda: Matembezi ya Maua na Maisha ya Nyumbani kwa Mstaafu wa Mwanza

Mwanza hatuna majira ya machipuko kama ya nchi za baridi. Mji wetu uko chini kidogo ya ikweta, ukingoni mwa ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na joto halipishani sana kati ya mwezi mmoja na mwingine; kinachougawa mwaka wetu ni mvua. Hata hivyo, mtu aliyewahi kupanda vilima vya Bwiru au Nyegezi mwishoni mwa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na kupata rangi ya gunia, kisha akarudi palepale wiki tatu baada ya mvua za kwanza za vuli, anajua kwamba machipuko tunayo, tena tunayo mara mbili: Oktoba hadi Desemba wakati wa vuli, na Machi hadi Mei wakati wa masika.

Wengi wetu hatukuwahi kuyaona kwa sababu tulikuwa kazini. Mimi nilikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi mvua niliiona kupitia dirisha la darasa, nikiwa na wasiwasi wa madaftari yaliyo karibu na bati linalovuja. Mtumishi akistaafu, iwe kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na 60, anapata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho alipokuwa akipokea mshahara: asubuhi ya Jumatano isiyo na mwenyewe. Swali ni namna ya kuitumia.

Nianze na kosa langu. Mwezi wa tatu tangu nistaafu nilitaka kufidia miaka yote kwa siku moja. Tulikodi haisi, tukajaza watoto, wajukuu, masufuria ya pilau na kreti la soda, tukaondoka nyumbani saa nne na nusu kwa sababu kila mtu alikuwa akimsubiri mwenzake. Tulifika ufukweni saa sita, jua likiwa utosini, na maua machache tuliyoyakuta yalikuwa yamekwisha kunyauka au kufumba. Watu kumi na wanne tulibanana chini ya mwembe mmoja hadi jioni. Gharama zilinikata hamu, na ilichukua karibu mwaka kabla sijatoka tena. Tangu hapo ninashikilia kanuni moja: matembezi ya mstaafu yawe mafupi, ya karibu, ya mara kwa mara, na yaamuliwe na mvua badala ya sikukuu.

Kuchagua siku na saa

Usitoke siku ileile mvua iliponyesha. Mawe ya matale, ambayo ndiyo yaliyoupa mji wetu jina la Mji wa Mawe, huota utelezi mwembamba yakilowa, na mteremko ambao kijana anaushuka kwa mzaha unaweza kumvunja nyonga mtu wa miaka sitini na tano. Subiri siku ya pili au ya tatu baada ya mvua nzuri, ardhi ikiwa imenywa maji na njia imekauka. Mvua ya kwanza kabisa haitoshi. Kwa kawaida mimea inahitaji kunyeshewa mara mbili tatu kabla ya kuamini kwamba msimu umeanza kweli, na hapo ndipo mambo huenda kasi.

Ondoka saa moja asubuhi, urudi kabla ya saa nne. Sababu si jua pekee. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, mawingu hujikusanya juu ya vilima, na radi za alasiri hufuata. Usiku mambo hugeuka, na ngurumo nyingi hutokea juu ya ziwa lenyewe hadi alfajiri. Kwa hiyo ukiamka ukasikia ngurumo upande wa maji, usiahirishe safari papo hapo. Kunywa chai kwanza, utazame tena baada ya saa moja. Ikiwa safari yako ni ya boti, basi hiyo ngurumo ni sababu tosha ya kubaki nyumbani.

Maua ya kutafuta, na mahali yanapojificha

Anza chini ya mawe. Jiwe kubwa halinywi maji, bali huyamwaga yote miguuni pake, kwa hiyo udongo mwembamba unaolizunguka hupata mvua mara kadhaa zaidi ya ule wa uwanda ulio hatua ishirini kutoka hapo. Humo ndimo mimea huamka kwanza, na humo ndimo mgeni wa mji wetu hapatazami kwa sababu macho yake yako juu, akishangaa jinsi mawe yalivyobebana bila kuanguka.

Ninalolipenda kuliko yote ni ua jekundu la duara, kubwa kuzidi ngumi, lililoundwa na nyuzi nyembamba nyingi zilizosimama pande zote kama miiba ya nungunungu. Kitaalamu huitwa Scadoxus multiflorus. Kiangazi kizima hulala ardhini likiwa tunguu, limejiwekea akiba ya chakula, na mvua zikianza hutoa shina moja lenye ua hilo, mara nyingi majani yakiwa bado hayajakomaa. Linadumu siku chache tu. Ukilikosa wiki hii umelikosa hadi mwakani, na hiyo ndiyo sababu nasema mvua haisubiri sikukuu.

Lipo pia ua linalopanda vichaka kwa kujishikiza na ncha za majani yake, lenye petali nyekundu zenye kingo za njano zilizojikunja kuelekea juu kama ndimi za moto. Hilo ni Gloriosa superba. Litazame, lipige picha, umwoneshe mjukuu, lakini asilishike na kutia vidole mdomoni, kwa kuwa mmea wote una sumu, na viazi vyake vya chini ya ardhi ndivyo vyenye sumu kali zaidi. Lile jekundu la duara nalo si la kuchezea. Tunguu lake lina sumu vilevile.

Kando ya barabara na mipaka ya mashamba utakuta alizeti pori, mmea wenye asili ya Meksiko na nchi jirani zake, uliofunga njia nyingi kwa maua yake ya njano. Kishona nguo chenye maua madogo meupe na kitovu cha njano hutakitafuta, kitakutafuta chenyewe na kurudi nawe nyumbani kwenye upindo wa suruali. Mitaani, mijakaranda hutangulia kwa zambarau kabla vuli haijakolea, kisha mikrismasi hufuata kwa wekundu wake kuelekea mwisho wa mwaka. Mti huo asili yake ni Madagaska, ingawa sisi tumeuzoea kana kwamba uliumbwa kwa ajili ya Desemba ya Mwanza.

Ufukweni mambo ni mengine. Kwenye ghuba zilizotulia, upande wa Luchelele na Malimbe, tafuta kwa macho, ukiwa umesimama mbali, yungiyungi kati ya mafunjo. La buluu hufunguka asubuhi na kufumba alasiri, wakati jeupe lenye majani yenye kingo za meno hufunguka usiku na kuanza kujifunga jua likipanda. Anayefika saa mbili asubuhi anaweza kuyakuta yote mawili yakiwa wazi. Gugumaji nalo hutoa ua la zambarau ambalo, kwa haki, ni zuri kupindukia. Lisikudanganye. Mmea huo kutoka Amerika ya Kusini uliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaziba mialo, yaani mahali wavuvi wanapotia boti nchi kavu, na kuwatesa wavuvi wenyewe. Usibebe hata mche mmoja kwenda kuutia kwenye beseni nyumbani, maana mche uliotupwa mtaroni husombwa na mvua hadi ziwani.

Mahali pa kwenda

Kwa mtu mwenye magoti yanayolalamika, barabara ya Capri Point inatosha: ina kivuli, ina lami, na ziwa liko kando yako. Aliye na nguvu kidogo avuke hadi Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane. Ni safari fupi ya boti, na hifadhi nzima ina takriban kilomita za mraba 2.18 tu, ukubwa unaomfaa mstaafu kuliko Serengeti. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na inabeba jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Utakutana na pimbi wanaoota jua juu ya mawe, swala pala, na mijusi wenye vichwa vya rangi ya waridi. Chukua kitambulisho chako cha taifa ili utozwe kiingilio cha raia, na uulize mapema malipo yanafanywa kwa njia gani.

Mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha, nenda Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, umbali wa kilomita 20 hivi kwa barabara ya Musoma. Wakati wa sikukuu ya Ekaristi hufanyika ngoma za Bulabo, ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma, hushindana kuvuta watazamaji, na neno bulabo lenyewe kwa Kisukuma ni maua. Upande wa Sengerema sasa nao si safari ya siku nzima, kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na foleni ya kivuko imebaki hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

Mwili na tahadhari

Usiingie miguu mitupu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hata kwa dakika mbili za kuchuma yungiyungi, kwa sababu humo huishi konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kaa mbali na ukingo uliofunikwa na mafunjo. Mamba na kiboko hawaangalii umri. Vaa viatu vilivyofunika kifundo cha mguu, beba fimbo, na uigongegonge mbele yako kwenye nyasi ndefu, maana kifutu hakimbii bali hulala kimya akisubiri akanyagwe. Kumbuka kwamba magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, kwa hiyo pumzika kileleni kabla ya kuchoka.

Jambo ambalo wazee huona haya kulitaja ni haja ndogo. Anayetumia dawa ya presha inayoongeza mkojo amuulize daktari kama anaweza kuimeza baada ya kurudi, badala ya kujinyima maji njia nzima. Mwenye kisukari asitoke bila kitu cha kutia mdomoni. Kisha mwambie mtu mmoja nyumbani unakokwenda.

Kurudi nyumbani

Kuhusu nyumba, nina neno kwa wanaume hasa. Mzee wangu, yaani mume wangu, alipostaafu, miaka miwili kabla yangu, alianza kukagua jikoni: kwa nini mkaa unaisha upesi, kwa nini chumvi iko rafu ile. Nyumba ilikuwa na utaratibu wake kabla hajarudi kuishi ndani yake mchana kutwa, na ugomvi mwingi wa wastaafu huzaliwa hapo. Tulichofanya ni kumkabidhi kibaraza. Kuanzia mlango wa mbele hadi getini ni mamlaka yake, wala simuulizi kwa nini ndoo imewekwa pale.

Udongo wetu karibu na vilima vya mawe ni luseni, mchanga unaopitisha maji haraka na usiohifadhi rutuba, kwa hiyo usitarajie maua kuota kwa huruma. Changanya debe mbili za udongo na debe moja ya samadi iliyooza vizuri, funika juu kwa majani makavu, na mwagilia asubuhi. Ndoo zilizopasuka na madumu yaliyokatwa yanafaa kuliko vyungu vya duka, mradi uyatoboe matundu chini. Kinga maji ya mvua kwenye pipa au simtanki yenye mfuniko, maana maji yaliyo wazi ni kitalu cha mbu.

Usichimbe matunguu porini. Chukua mbegu chache zilizokomaa, uache nyingi zaidi ya ulizochukua, na mishubiri inunue kwa wauza miche. Mbegu za porini zina ukaidi. Katika kumi, mzee wangu hupata tatu, na hizo tatu anazisalimia kila asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kama watu wazima.

Baada ya matembezi, tunakunywa chai kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, au kama mtu amepitia mwaloni, kwa sato mdogo wa kukaanga, huku nikiandika kwenye daftari la shule lililobaki kabatini: tarehe ya mvua ya kwanza, tarehe ya ua la kwanza, jina la kilima, na nani tulikuwa naye. Mjukuu hutuma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mimi nabaki na tarehe. Daftari letu lina misimu minne ya vuli sasa. Mvua ya pili ikinyesha, hulifungua ukurasa wa mwaka uliopita, na huo ndio unaotuambia kama Alhamisi tuanzie Bwiru au Nyegezi.