Somo: Kusafisha kompyuta inayopoozwa kwa maji, tangu kumwaga hadi kujaza upya

Wakuu, habari zenu. Mwezi huu watu watatu wamenifuata pembeni na swali lile lile: "Mashine yangu ya maji imeanza kupanda joto, nibadilishe pasta ya prosesa?" Wote nimewauliza, mara ya mwisho umebadilisha maji lini? Kimya. Basi naandika hapa mara moja.

Nazungumzia mfumo uliouunga mwenyewe: pampu, tangi, rejeta, bloku (kile kipande cha chuma chenye mifereji ya maji ndani) ya prosesa na ya kadi ya picha kama unayo, mabomba na fitingi. Zile zinazokuja zimeshafungwa kiwandani hazihusiki. Zile unapuliza vumbi tu, ikifa unanunua nyingine.

Kila mtu anaogopa kuvuja. Lakini kuvuja utakuona. Kinachoua mfumo kimyakimya ni kile kinachoota ndani ya maji, maana mifereji ya bloku ina upana usiofika milimita moja. Utando kama wa chai iliyolala unatosha kuiziba.

Maandalizi. Tafuta lita tano za maji yaliyokenekwa, yale tuliyosoma kwenye kemia. Ya kunywa ya chupa hapana, yana madini. Vituo vya mafuta wanauza maji ya betri na yanafaa kusuuzia, ila soma lebo kwa makini: asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo, na chupa zinafanana kama mapacha. Kulanti mpya ya kompyuta (yale maji maalumu ya kupoozea), bomba la sindano, mswaki laini, taulo za karatasi, pasta ya joto (inayopakwa kati ya prosesa na bloku), spiriti na siki nyeupe.

Hatua ya 1: Zima na uchomoe. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe. Piga picha kila bomba linapoingia na linapotokea. Saa tano usiku wakati wa kurudishia utajua kwa nini.

Hatua ya 2: Mwaga. Fungua koki ya chini kabisa, kisha tundu la juu la tangi hewa iingie. Ni sawa na kopo la maziwa, tundu moja halimimini. Yakikata, inamisha kesi huku na huku. Rejeta hubaki na maji mengi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tandika taulo za karatasi kabla ya kulegeza fitingi yoyote.

Hatua ya 3: Soma maji. Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Usimwage kwenye sinki. Yaweke kwenye glasi inayoonyesha ndani, yaache yatulie, uyaangalie kwenye mwanga.

Ukiona ute wa kijani unaoteleza ukiushika, huo ni mwani: dawa ya kuua vijidudu imeisha nguvu, au mashine inapigwa na jua la dirishani. Utando mweupe mzito kama maziwa ya mgando, hasa kwenye bloku, mara nyingi ni kilainishi cha plastiki kilichotoka kwenye mabomba laini yanayoonyesha ndani. Hapo hata ukibadilisha maji kila mwezi, bila kubadilisha mabomba unajisumbua. Unga wa rangi uliotuama chini ni rangi ya kulanti yenyewe imejitenga. Zile nzito zinazofanana na rangi ya ukutani ndizo sugu kwa tabia hiyo, nzuri kwa picha, mbaya kwa kuishi nazo. Vipande vinavyong'aa ni nikeli inabanduka. Na kama maji yalikuwa hayana rangi na sasa yana kijani-bluu huku hayatelezi, shaba inaliwa.

Kila ugonjwa na tiba yake. Ukimwaga bila kuangalia, baada ya miezi mitatu utarudi pale pale.

Hatua ya 4: Bloku. Ifungue, toa oringi (ule mpira wa duara unaozuia kuvuja) uiweke pembeni mahali safi. Tone la sabuni ya vyombo na mswaki, ukifuata mifereji inavyokwenda, usisugue kwa kukingama. Shaba tupu iliyofubaa unaweza kuiloweka dakika chache kwenye siki iliyozimuliwa, kisha usuuze sana. Kama imepakwa nikeli, siki iache kabisa.

Sehemu za akriliki usiziguse na spiriti. Mimi mwenyewe nilifuta tangi langu kwa spiriti nikijiona fundi msafi, kesho yake likawa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Spiriti ni ya kufutia pasta ya zamani juu ya prosesa, basi.

Oringi iliyobonyea ikawa bapa haifai tena. Nzima irudishe kwenye mfereji wake bila hata unywele mmoja chini yake.

Hatua ya 5: Rejeta. Tia maji moto yaliyokenekwa hadi nusu, ziba, tikisa kama unachanganya juisi, mwaga. Rudia hadi yatoke safi, bila rangi. Kwa nje puliza vumbi, huku umeshika feni kwa kidole. Feni inayozungushwa na blowa inaharibu beringi zake. Tunaokaa pwani tusisubiri mwaka, upepo wa chumvi na vumbi vikikutana kwenye mapezi vinakuwa kama plasta.

Hatua ya 6: Funga na ujaribu. Fitingi kazia kwa mkono, spana iache gereji. Ukiwa na pampu ya mkono yenye geji, jaza hewa nusu baa kabla ya maji. Mshale ukitulia nusu saa, uko salama.

Kisha maji, yaani ile kulanti mpya. Bodi mama isipate umeme hata kidogo: chomoa nyaya zote za pawa saplai isipokuwa ya pampu, halafu kwenye ile plagi ya pini 24 unganisha pini ya 16, kwa kawaida waya wa kijani, na ya 17, mweusi. Ukirudisha waya ukutani, pawa saplai itawaka peke yake. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima kabla halijakauka, ongeza, washa tena. Pampu isizunguke kavu, maji ndiyo mafuta yake. Mzunguko ukijaa iache itembee saa 24 juu ya taulo za karatasi kavu. Tone moja utaliona.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naweza kutumia kulanti ya gari? Ipo tele na bei chee.*

Waanzilishi wa mambo haya walifunga hadi rejeta ndogo za hita za magari, kwa hiyo si wazo la kichaa. Ila ni nzito kuisukuma kwa pampu ndogo, na nyingi zina sumu yenye ladha tamu. Kama una watoto au paka nyumbani, usiilete sebuleni. Mimi situmii.

*Fundi, salamu kutoka Mombasa. Chumba hakina AC, kina nyuzi 32. Maji yanafika 42 nikicheza gemu. Nimeharibu?*

Hujaharibu kitu. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba, kwa hiyo pima tofauti. Yako ni nyuzi 10, safi sana. Ikifika 20, rudi hatua ya 5. Yakikaribia 60 zima, mabomba ya plastiki ngumu huanza kulegea.

*Nimepata rejeta ya aluminiamu rahisi, bloku zangu ni za shaba. Dawa ya kutu itasaidia?*

Itachelewesha tu. Aluminiamu na shaba ndani ya maji yale yale umetengeneza betri, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Irudishe dukani.

*Kaka, oringi ya bloku imepanuka haingii tena kwenye mfereji. Ilikuwa nzima asubuhi! Nifanyeje na leo Jumapili?*

Dada, uliipaka mafuta ya mgando?

*Kidogo tu, iteleze.*

Ndiyo hayo. Kuna mpira ukikutana na mafuta ya petroli unavimba. Usiilazimishe, itakatika ukiwa umeshajaza maji. Kesho pima kipenyo na upana wa mfereji, nenda na bloku yenyewe kwa wauza oringi, kama wale wa Gerezani, Dar es Salaam, uchague inayokaa vizuri kwenye mfereji; ile ya zamani isiwe kipimo, imeshavimba. Ukiipata, ilowanishe kwa maji yaliyokenekwa tu. Na ukishafunga, anza na hewa kwanza.